Kikapu cha ukindu au kiondo cha mkonge?

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, swali hili halikosi sokoni. Nimevitumia vyote viwili, na navipenda vyote.

Kwa bei, kikapu kinashinda. Msusi husuka ukindu, yaani majani ya mkindu, kuwa ukili, utepe mrefu, kisha huuzungusha na kuushona, kwa hiyo kazi huenda haraka. Kiondo cha Wakamba au Wakikuyu huanzia kitakoni, uzi kwa uzi, na huweza kula wiki kadhaa. Ukitajiwa bei, usimkandamize mama wa watu. Gusa kwanza ule msuko ulivyobana.

Kwa mzigo, kiondo. Viazi, nazi tatu, mkungu mdogo wa ndizi: mkonge hutanuka kidogo lakini haukatiki, na mkanda wa ngozi haukati bega. Kikapu huchoka kwenye vishikio. Changu kiliachia kamba nikiwa na maembe, nikamrudishia msusi akakishona palepale.

Samaki je? Hapo nachukua kikapu. Ukindu unafutika na kukauka upesi, ilhali mkonge hunywa maji, na ukiuweka mbichi kabatini huota ukungu. Ila ukindu ukikauka mno huvunjika. Unyunyizie maji kidogo.

Anayeishi Pemba au Bagamoyo ana msusi wa ukindu jirani wa kumtengenezea kikapu kikiharibika, basi achukue kikapu. Wa Machakos anayebeba mboga za wiki nzima kwa matatu, achukue kiondo.