Tripodi ya kupeleka Sibiloi: anza na makufuli ya miguu

Wasomaji wanaorudi kutoka hifadhi ya Sibiloi huniletea malalamiko ya aina moja. Hawalalamikii barabara, wala joto, wala bei ya dizeli Marsabit. Wanalalamikia tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Dada mmoja wa Eldoret aliniandikia kwamba miguu ya tripodi yake iligoma kufunguka usiku wa pili, akaishia kulaza kamera juu ya jiwe na kukunja shati chini ya lenzi. Kaka mwingine alivuka jangwa la Chalbi akarudi Nairobi na mguu mmoja uliokwama ukiwa umenyooka wote, haurudi ndani hata watu wawili wakiung'ang'ania. Tripodi zote mbili zilikuwa mpya, na ya huyu kaka haikuwa ya bei ya chini hata kidogo.

Sitakuchosha kwa habari za urefu, uzito inaobeba au mkoba unaokuja nayo. Hayo yamechapishwa kwenye boksi, jisomee. Kisichochapishwa ni jinsi miguu inavyofungwa na kufunguliwa, na hapo ndipo jangwa linapokupatia.

Fikiria unakokwenda. Sibiloi iko upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ni hifadhi tangu 1973, na wengi wanaifahamu kwa ajili ya Koobi Fora na mabaki ya binadamu wa kale. Mpiga picha ana sababu nyingine: miti iliyogeuka mawe, mamba wa ziwani, na anga ya usiku isiyochafuliwa na taa za mji. Picha ya nyota inataka shuta, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ikae wazi kama sekunde 15 hadi 20, kwa hiyo bila tripodi huna picha. Shida ni kwamba upepo wa Turkana hushika kasi usiku na alfajiri, saa zile zile unazozitaka wewe. Na si upepo wa kupeperusha kofia tu. Kusini zaidi, upande wa Loiyangalani, wamesimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na sidhani walipachagua kwa uzuri wa mandhari. Upepo huo unakuja na vumbi laini, na ukiwa umepitia Chalbi, vumbi lenyewe lina chumvi.

Sasa tuje kwenye makufuli. Yako ya namna mbili. La kuzungusha ni ile ringi yenye mpira kwenye mguu. Ndani yake kuna nyuzi za skrubu, vipande vyembamba vya plastiki vinavyobana bomba, na grisi. La klipu ni kibawa kidogo unachokiinua na kukishusha kwa kidole gumba, kinabana bomba kutoka nje.

Dukani la kuzungusha linashinda kila mara. Ni jembamba, halinasi kwenye begi, linapendeza machoni. Ukifika jangwani, ile grisi inakamata vumbi, vumbi linaingia kwenye nyuzi, na kila unapozungusha unakuwa kama unasaga mahindi kwenye jiwe. Dalili ya kwanza utaisikia vidoleni kabla ya masikioni: mkwaruzo mdogo, mkavu. Ya pili ni ringi inayozunguka bila kukaza. Ikifika hapo dawa ni kuufungua mguu wote, kufuta grisi ya zamani, kusugua nyuzi kwa mswaki, kupaka grisi mpya na kurudisha kila kitu mahali pake. Kazi hiyo ukiifanya mezani kwako Syokimau, na chai pembeni, haina neno. Ukiifanya gizani Koobi Fora, upepo ukivuma, kile kiplastiki chembamba kitapaa na hutakiona tena mpaka kiama.

Klipu nayo huingia mchanga, nisikudanganye. Ila haina nyuzi za skrubu za kusaga. Unaifungua, unapuliza, unapangusa kwa brashi ya kupakia rangi ya shilingi mia moja, unaendelea na kazi. Ikilegea, unakaza nati yake kidogo na imekwisha.

Hesabu na vipande. Mguu wa vipande vitatu una makufuli mawili, kwa hiyo tripodi nzima ina 6. Vipande vinne ni makufuli 9. Vipande vitano, zile fupi zinazoingia kwenye begi la mgongoni, ni 12. Makufuli 12 ya kulisha mchanga! Isitoshe, kipande cha chini kabisa huwa chembamba mno. Upepo ukikigonga kinatetemeka, na nyota zako zinageuka vijistari vyenye mikia.

Haya, orodha yangu.

1. Manfrotto 055 ya alumini, vipande vitatu

Upendeleo wangu sifichi. Hawanilipi, wala hawanijui. Ile inayoitwa MT055XPRO3 ina uzito wa kilo 2.5, inabeba kilo 9 na inasimama hadi sentimita 170. Ni nzito, naam, na watu wa kutembea kwa miguu wananuna. Lakini Sibiloi unakwenda kwa gari. Uzito huo ubebwe na Land Cruiser. Klipu zake ni pana, unazifungua gizani kwa kupapasa, na kila moja unaweza kuikaza mwenyewe. Nguzo yake ya katikati hulala upande, jambo linalofaa ukitaka kupiga kisukuku au ua dogo la jangwani kutoka juu, ingawa kwenye upepo niliokueleza uiache imeshuka chini kabisa.

Ina kasoro zake. Vichwa vyake vingi, yaani ile sehemu ya juu inayoshika kamera, vinatumia sahani ya 200PL ya kufungia kamera, ambayo haiingiliani na sahani za mtindo wa Arca-Swiss ambao nusu ya dunia imeshahamia. Kwa hiyo mimi hushauri ununue miguu peke yake, kichwa utafute cha Arca. Na alumini haipatani na chumvi: ukishatoka Chalbi ioshe kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya ziwani usiyatumie, yana magadi.

2. Manfrotto 190 ya alumini, vipande vitatu

Mdogo wake. Kilo 2, inabeba kilo 7, sentimita 160, klipu zile zile. Kwa kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) na lenzi pana ya nyota, inatosha kabisa. Ukiwa na lenzi ndefu ya ndege na mamba, rudi kwenye 055.

3. Gitzo ya jamii ya Ocean

Hii ni ya kuzungusha, na ndiyo pekee ya namna hiyo ninayoiruhusu kwenye orodha, kwa kuwa imetengenezwa makusudi kwa maji ya chumvi na mchanga, na ni rahisi kuifungua na kuisafisha. Bei yake usiulize ukiwa umesimama.

4. Peak Design ya safari

Klipu nzuri, umbo la werevu, na vipande vitano. Makufuli 12, tumeshahesabu. Ya kaboni inazidi dola 600 kabla hujalipia usafiri na VAT ya asilimia 16. Kwa kuzunguka Mji wa Kale Mombasa ningeibeba bila kufikiri. Kwa Sibiloi, hapana.

Za bei ya chini, akina Weifeng na Yunteng zinazojaa madukani: zina klipu, lakini za plastiki. Zinafaa simu na mahojiano ya ndani. Tuendelee.

Wauzaji sasa, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Mtu anaweka picha ya tripodi mtandaoni, chini watu thelathini wanauliza bei, na wote wanajibiwa "njoo inbox". Ukienda huko, kabla ya kukutajia bei anakuuliza, "Unatumia kamera gani?" Kamera yangu inahusiana nini na bei ya vyuma vyako? Inahusiana, kwa sababu ukitaja kamera kubwa bei inapanda papo hapo. Sasa hivi huwa nasema ni ya kaka yangu, mwanafunzi.

Halafu kuna lile la boksi lililofunguliwa. Duka moja la katikati ya jiji liliniuzia miguu ya tripodi "orijino kabisa, madam", nikafika nyumbani nikakuta kile kifunguo kidogo cha kukazia klipu hakimo. Niliporudi nikaambiwa hivyo vinauzwa kando. Kando! Kitu ambacho mtengenezaji amekiweka ndani ya boksi bure. Nikakinunua, kwa sababu bila hicho klipu ikilegea North Horr hakuna wa kukuazima.

Kwa hiyo ukienda kununua, fungua boksi palepale kaunta na uhesabu vilivyomo. Vuta miguu yote mitatu mpaka mwisho, funga, kisha bonyeza chini kwa uzito wako, kipande kisiteleze. Fungua na kufunga kila kufuli mara kadhaa ukiwa umefumba macho, kwa kuwa ndivyo utakavyolifanyia kazi. Mwambie muuzaji akuonyeshe jinsi mguu unavyotolewa kusafishwa. Wengi hawajui, na hapo utajua kama kuna siku watakusaidia kwa vipuri.

Ukishafika huko, anza kuvuta kipande cha chini kabisa hata kama huhitaji urefu, ili kufuli lake liinuke kutoka mchangani. Begi ukilining'iniza katikati kwa uzito, liache liguse ardhi. Likibembea linaitikisa kamera kuliko upepo wenyewe. Mafuta ya kupuliza usiyapake popote, yanaita vumbi. Na muuzaji akikukatalia kufungua boksi, mwache pale pale. Kwenye jengo hilo hilo, ngazi mbili juu, kuna mwenzake anayeuza vitu vile vile.