Kinyago cha ujamaa kutoka Mwenge: mpingo safi, jina halipo

Nilinunua kinyago hiki katika duka moja la soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kwa shilingi 180,000, baada ya mapatano marefu yaliyokwenda kwa heshima. Kimo chake ni dhiraa moja, nacho kimechongwa katika gogo moja la mpingo bila kiungo wala gundi. Watu 12 wamebebana kulizunguka gogo hilo: chini kabisa amepiga magoti mzee, juu yake wamepandana akina mama wenye watoto na mitungi, na kileleni yupo bibi mwenye ndonya, yaani kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu, na chale mashavuni.

Bibi huyo ndiye aliyenishawishi. Ndonya na chale zilikuwa utambulisho wa Mmakonde mwilini mwake, na waliobaki nazo sasa ni wazee. Mchongaji amezitoa kwenye ngozi akazihifadhi kwenye mti, hata mwanangu, ambaye hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, aliuliza siku ileile bibi amevaa nini mdomoni, nasi tukazungumza hadi usiku.

Mtindo wenyewe si wa kale. Uliota mizizi miongoni mwa wachongaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, katika msafara wa Wamakonde ambao wengi wao walifuata kazi za mashamba ya mkonge. Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa mwanzilishi wake, na inasimuliwa kwamba kazi za awali, zilizoitwa dimoongo, zilionyesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, jina la ujamaa lilikaa juu ya umbo hilo kana kwamba lilikuwa likilingojea, na mshindi akawapisha wazazi na wajukuu.

Kuhusu ubora, sina shaka. Kinyago ni kizito kupita ukubwa wake, na chini kumeachwa ukanda mweupe wa mti wa nje, dalili kwamba weusi wake ni wa kiini cha mpingo na haukupakwa rangi ya viatu. Msasa umepita vizuri, isipokuwa upande wa nyuma, ambako nyuso zimefanana mno.

Muuzaji alikuwa mvumilivu, akakifunga kwa magazeti kwa uangalifu. Nilipomuuliza aliyekichonga, alijibu kwamba ni Mmakonde, basi. Jibu hilo liliniumiza, kwa sababu Sangwani tunamjua kwa jina, na Samaki Likankoa, aliyefungua njia ya vinyago vya mashetani, tunamjua pia, ilhali mkono uliomchonga bibi yangu umepotea ndani ya kabila zima. Anayekwenda kununua apite kwanza wanakofanyia kazi wachongaji wenyewe, amuulize fundi jina lake na kwao, kisha amwombe alichonge kwenye kitako cha kinyago kabla ya kulipa.