Black Angels ya George Crumb: nimeisikiliza vizuri sasa, na kuna Kiswahili ndani

Wapenda muziki wa Mbeya, kama una hedifoni nzuri na dakika kama 20 za utulivu itafute hii kazi. Wapigaji ni wanne tu, violini mbili, viola na chelo (vyombo vya nyuzi vya kupigwa kwa upinde), ila vyote vimepitishwa kwenye umeme kama gitaa la solo. Crumb, mtunzi Mmarekani aliyefariki 2022, aliimaliza Machi 1970 vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto na kwenye noti zake akaandika kabisa kwamba ni ya wakati wa vita.

Mara ya kwanza niliifungulia kwenye spika ya simu, nikasikia makelele nikazima. Nilikosea sana. Mwanzo wake nyuzi zinalia juu kabisa, kwa fujo, kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, na spika ndogo hapo inakoroma tu. Juzi nikanunua hedifoni pale Mwanjelwa, nikasubiri watoto walale, baridi yetu hii ya Julai, nikajifunika blanketi nikaanza upya, aisee ni kitu kingine kabisa.

Maana mule ndani wapigaji wanahesabu kwa midomo yao, mara wananong'ona mara wanapaza sauti, kuna Kijerumani, Kirusi, Kijapani, halafu nikasikia kama namba zetu, nikarudisha nyuma, nikarudisha tena, Kiswahili kweli! Nywele zilinisimama. Mtu kaandika muziki huko Marekani kuhusu vita na hofu ya kufa, na alipotafuta sauti za binadamu kaikumbuka na hii yetu.

Sehemu ziko 13, nyingine fupi mno, unaanza kuielewa imeshaisha, hilo sikulipenda. Na mtu wa kwaya asitegemee wimbo wa kushika. Ila sehemu ya 10 jamani! Chelo inaimba peke yake, taratibu, na wenzake wanapitisha pinde kwenye ukingo wa glasi zenye maji yaliyopimwa ili kila moja itoe noti yake. Mimi napiga tarumbeta kanisani tangu mdogo, kutyuni nakujua, nikaamka usiku ule ule nikapanga glasi nne mezani jikoni nikalowesha kidole nikazungusha. Mbili zikalia, nyembamba zile, na kila nikiongeza maji sauti inashuka. Mke wangu akatoka chumbani akauliza nani analia.

Rekodi niliyosikiliza ni ya 1990 ya Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa nyuzi la Marekani, na hawa ndio wenyewe hasa, mwanzilishi wao David Harrington aliisikia hii kazi redioni, ndipo 1973 akaanzisha kundi ili waipige.

Mimi naipa 9 kwa 10. Kama makelele yanakutisha anza na hiyo ya 10, halafu rudi mwanzo, na usifungue kwa sauti kubwa watoto wakiwa macho.