Uzoefu wangu: kubadilisha diski ya redio ya gari na kupanga upya patisheni zake

Redio ya gari ninaloendesha ina diski ngumu ya GB 40 ndani yake, na kwa gari la kutoka Japani hapa Dar es Salaam diski hiyo si pambo. FM ya redio nyingi za Japani huanzia 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu zimejazana kati ya 88 na 108. Usipofunga kile kifaa cha kushusha masafa, unabaki na stesheni mbili tatu zenye mikwaruzo. Baba mkwe, aliyekuwa na gari hili kabla yangu, hakukitaka. Yeye alikuwa anatumbukiza CD, redio inairekodi, anaitoa, anaweka nyingine. Alifanya hivyo miaka saba mpaka nafasi ikaisha: zilipendwa, kwaya, taarabu, hata mahubiri. CD zenyewe nyingi zimeshapotea au kuchubuka. Siku ananikabidhi ufunguo aliniambia, "Gari nimekupa. Nyimbo nimekuazima."

Kwa hiyo ilipoanza kukwama nilishtuka kweli. Niko kwenye foleni ya Buguruni, wimbo unasita, unaendelea, unasita tena, na nyuma ya dashibodi nasikia tk, tk, tk kama saa ya ukutani. Baada ya wiki moja redio ikawaka, ikaganda kwenye picha ya mwanzo, ikawa basi.

Nilianzia kwenye duka moja Kariakoo. Kijana alifungua redio, akaweka diski ya kompyuta mpakato aliyoifomati kwa NTFS (mfumo wa faili wa Windows), akairudisha. Kioo kikaleta maandishi ya Kijapani na hakuna kilichosogea. Akanishauri ninunue redio ya Android. Kwa watu wengi huo ni ushauri mzuri, sina ubishi nao, lakini redio ya Android isingenirudishia nyimbo za mzee. Nikamlipa muda wake, nikaondoka na redio yangu na diski ya zamani kwenye bahasha. Nashukuru sana kwamba hakuifomati hiyo ya zamani.

Mwenye redio ya aina hii, kabla hujatoa hela kununua chochote, chomeka diski yako kwenye kompyuta uone kama inasomeka. Redio nyingi za Japani hufunga diski zao kwa neno la siri. Kompyuta inaona kuwa diski ipo, lakini haisomi hata sekta moja, yaani kipande kidogo kabisa cha diski. Kama yako ni hiyo, njia yangu haitakufikisha. Zipo pia ambazo ukichomoa betri ya gari tu zinakudai diski ya ramani au namba ya siri. Yangu haikuwa na kufuli, wala haikudai kitu.

Nilichonunua ni SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ndogo ya mSATA ya GB 120 na adapta ya kuigeuza iwe IDE ya pini 44, plagi ya zamani, maana redio za umri huu hazijui SATA, plagi iliyokuja baadaye. Ukubwa huo niliuchagua makusudi. Vifaa vingi vya zamani vya IDE huhesabu sekta kwa biti 28, na hesabu hiyo inagota kwenye GB 137. Ukiweka diski kubwa zaidi unajitafutia matatizo bure. Na sikutaka tena diski ya kuzunguka. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magari huvumilia hadi nyuzi 85, lakini ya kompyuta mpakato ya kawaida mwisho wake ni 55 au 60, na gari lililoachwa juani mchana kutwa hapa mjini dashibodi yake huigusi kwa mkono. Hapo bado hujahesabu mashimo.

Adapta nimeipa nyota tatu tu. Kwenye diski ya zamani pini ya 20 haipo, na kwenye plagi ya redio tundu lake limezibwa, ili mtu asichomeke kinyume. Adapta yangu ilikuja na pini zote 44. Nilisukuma plagi, ikagoma, nikasukuma tena, ndipo nikachukua tochi na kuona. Nikaikata pini hiyo kwa plaizi ndogo, moja tu, nikiwa nimeshika pumzi. Zilizobaki ni nyembamba kama sindano na zimekaribiana mno; mbili zilishapinda kwa kule kusukuma kwangu, nikazinyoosha kwa ncha ya wembe.

Sasa kazi yenyewe. Faili za nyimbo zilizorekodiwa na redio hii zina majina ya namba tupu na kompyuta haiwezi kuzipiga, kwa hiyo kunakili faili moja moja sikukuamini. Ilibidi ninakili diski nzima, sekta kwa sekta. Niliwasha kompyuta kwa fleshi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux wa bure ambao ndani yake una ddrescue, ya kunakili diski inayokufa, na GParted, ya kupanga patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Diski nzima niliihifadhi kwanza kama faili moja kwenye diski ya nje, na kutoka hapo ndipo nikaimwaga kwenye SSD. Usiruke hatua hiyo ya kati; baadaye kidogo utaona ilivyoniokoa.

ddrescue naipa nyota tano na ningekuwa na ya sita ningeongeza. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile ngumu huziacha na kuzirudia mwishoni, na kila ilichofanya hukiandika kwenye faili lake la kumbukumbu. Saa nne usiku umeme ukakatika, betri ya kompyuta yangu ni ya dakika kumi, kila kitu kikazima. Uliporudi nilitoa amri ileile na faili lilelile la kumbukumbu, ikaendelea palepale ilipoishia. Mpaka alfajiri zilibaki sekta chache tu ambazo hazikusomeka. La kuwa makini nalo ni mpangilio wa amri: jina la diski unayoinakili hutangulia, la ile unayoipelekea nakala hufuata. Ukigeuza umeifuta ile uliyotaka kuiokoa. Mimi nilizitambua kwa ukubwa na kwa jina la modeli, nikaziandika kwenye karatasi, ndipo nikagusa kitufe.

SSD ikaingia kwenye redio, redio ikawaka, nyimbo zote zipo. Lakini redio bado iliona nafasi ileile ya zamani, imejaa. Nakala ya sekta kwa sekta huchukua na jedwali la patisheni kama lilivyo, na nafasi iliyozidi inabaki mwishoni haina mwenyewe. Diski yangu ilikuwa na patisheni tatu, zote FAT32 (mfumo wa faili wa zamani): programu ya redio, ramani ya Japani, kisha muziki.

Nilijaribu Windows kwanza. Kule kwenye usimamizi wa diski, kitufe cha kupanua patisheni kilikuwa kimefifia, kwa sababu hupanua NTFS na si FAT32. Nikifikiria kufomati upya, kwa ukubwa unaozidi GB 32 dirisha linakupa NTFS au exFAT, na redio yangu haijui hata moja kati ya hizo. Bila shaka ndiyo njia iliyompeleka yule kijana kwenye NTFS.

Nikarudi kwenye GParted, na hapo nikafanya kosa langu kubwa. Nilijiuliza, ramani ya Japani inanisaidia nini Tabata? Nikaifuta, nikausogeza mwanzo wa patisheni ya muziki urudi nyuma uchukue nafasi yake. Kusogeza mwanzo maana yake kila kilichomo kihamishwe, kwa hiyo kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Ikaisha salama, GParted haikulalamika. Redio ikakataa kuwaka kabisa. Inatarajia patisheni tatu kwa mpangilio wake: ya pili ikiwa ramani, ya tatu muziki. Kwake muziki uliokaa nafasi ya pili ni diski isiyoeleweka.

Nikamwaga upya lile faili nililohifadhi. Safari hii patisheni mbili za mwanzo sikuzigusa. Niliishika ya tatu, nikauvuta ukingo wake wa kulia tu hadi mwisho wa diski. Mwanzo wake ukabaki palepale. GParted haifanyi kitu mpaka ubonyeze alama ya vema, kwa hiyo una nafasi ya kusoma mara mbili kilichopangwa. Nilisoma mara tatu. Ikamaliza kabla chai haijapoa. Usishangae kuona SSD ya GB 120 imeandikwa 111 na ushee. GParted inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000.

Redio iliwaka. Mstari wa nafasi uliokuwa umejaa hadi ukingoni ukarudi nyuma, ukabaki karibu robo.

Kwa SSD yenyewe bado nina wasiwasi mmoja. Hii ni ya kawaida, kiwango chake ni nyuzi 70. Zipo za viwandani zinazofika 85, ila bei yake ilinishinda. Mpaka sasa ninaegesha kivulini ninapoweza, na lile faili kamili liko nyumbani kabatini.

Jumapili nilipita Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni. Mzee alikuwa barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nyimbo zangu zipo?"

Nikamwambia aingie aangalie mwenyewe. Alikaa kiti cha mbele, akapitisha kidole kwenye orodha taratibu, albamu moja baada ya nyingine. Wimbo mmoja ulikatika katikati, zile sekta ambazo hazikusomeka. Akasema huo CD yake anayo. Akaingia ndani, akatoka na mfuko mzima wa CD ambazo hazikuwahi kuingia redioni kwa kuwa nafasi ilikuwa imeisha. Tukabaki hapo uani, gari likiunguruma, mpaka ya tatu ikamaliza kurekodiwa.