Hita ya wati 300 na godoro la mwanangu: kupasha maji ya vifaranga vya kambale Newala

Watu wakisikia nafugia Mtwara wanadhani shida yangu ni joto. Waje Newala mwezi wa saba. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde alfajiri ukungu unaingia hadi barazani, na maji ya tangi langu la lita 500 niliyapima yakiwa nyuzi 20. Mayai ya kambale kwenye nyuzi 28 yanatotoa ndani ya siku moja. Kwenye baridi ile yanasuasua zaidi ya siku mbili, na mengi yanaota utando mweupe kama pamba kabla hata hayajafika huko. Kipupwe cha kwanza niliambulia vifaranga vya kujaza kikombe.

Nilianza na moto wa bure, maganda ya korosho, kwenye jiko la bati humohumo chumbani. Usijaribu. Yanawaka vizuri sana, ila mafuta yake yanatoa moshi unaowasha macho na koo, nikatoka mbio. Mkaa sikuuthubutu: chumba kimefungwa, unaingia saa nane usiku kutazama mayai, hutoki.

Basi nikaagiza Kariakoo hita ya kuzamisha, ya kioo, wati 300. Kupasha inapasha, sina ugomvi nayo. Lakini inakula! Ikiwaka mfululizo saa 12 za usiku ni uniti 3.6, na mwezi uleule nikavuka uniti 75. Wenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya matumizi madogo mnajua kinachofuata: bei ya uniti inapanda. Halafu siku moja nabadilisha maji nikaisahau inawaka. Maji yakashuka ikabaki hewani, nilipomimina mengine nikasikia "ta!" Kioo hicho, vipande viwili. Bahati mkono ulikuwa nje. Siku hizi nachomoa plagi kwanza, ndipo nashika ndoo.

Nimenunua nyingine ya aina ileile. Tofauti aliileta mama, aliyesimama mlangoni akauliza, "Wewe chai unaichemsha sufuria wazi?" Kumbe joto langu lote lilikuwa linapaa na mvuke. Nikaomba kwa wauza samaki yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea barafu, nikakata mfuniko, nikaacha tundu la hewa. Ubavuni nikazungusha godoro la sponji na nailoni juu yake. Na pampu ya hewa, ambayo nilikuwa nimeiweka dirishani, ilikuwa inavuta baridi ya nje na kuipuliza majini usiku kucha! Nikaiingiza ndani.

Sasa hita inawaka na kujizima yenyewe. Maji yanakaa nyuzi 27, LUKU inashuka kama uniti moja na nusu kwa usiku. Juzi umeme ulikatika saa nne, ukarudi alfajiri, na maji yalikuwa yamepoteza nyuzi mbili tu.

Godoro ni la mwanangu aliye bweni. Anarudi likizo Desemba, na bado sijamwambia.