Nyumba ya likizo Mida, Watamu: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Tulipanga nyumba hii familia nzima wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na jua likiwaka kweli kweli. Nasema mapema kwamba naipendekeza, lakini kwa mtu aliye tayari kupanga siku yake kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa ya ukutani.

Tangazo limejaa picha za maji ya buluu yaliyofika karibu na ukuta. Si uongo, ila ni ukweli wa saa chache tu kwa siku. Hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, likipwa, mbele ya baraza hubaki tope, mizizi ya mikoko na kaa wanaokimbilia mashimoni. Aliyelipia mandhari ya bahari anaweza kudhani ametapeliwa. Mtunza nyumba, mzee wa Kigiriama, ndiye aliyetuweka sawa: "Mama, siku hizi ni za bamvu. Asubuhi nendeni msituni, alasiri mrudi mpande mashua." Na ndivyo pwani yetu ilivyo. Siku za bamvu, yaani za maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa pomoni karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na asubuhi ndiyo ya chombo.

Basi asubuhi tulivuka barabara ya Mombasa kwenda Malindi tukaingia Arabuko-Sokoke kupitia lango la Gede. Huu ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, na mkitaka kuufaidi fikeni alfajiri, kabla joto halijawanyamazisha ndege. Chini ya miti ya mirihi unakanyaga mchanga mweupe. Ukizidi kuingia ndani, udongo unakuwa mwekundu na vichaka vinashikana. Chukueni kiongozi, msijifanye wajuaji. Wetu alisimama ghafla akainua mkono, tukasikia majani makavu yakichakarika: sange! Mnyama mdogo mfano wa panya, pua ndefu inafukua, miguu myembamba, na matako ya manjano kana kwamba amekalia rangi mbichi. Wengi wa aina hii duniani wanaishi humu. Bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, nisingemwona kamwe bila kuonyeshwa, maana alikuwa ametulia kwenye kichaka, rangi moja na majani yaliyokauka. (Ada ya msitu na malipo ya kiongozi havimo kwenye bei ya nyumba, ingawa tangazo limeandikwa kana kwamba vimo.)

Alasiri ndiyo iliyonipendeza zaidi. Nahodha alizima mashine mara tulipoingia kwenye mikoko, akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na kuanzia hapo tukawa tunasikia maji tu. Aliwafundisha watoto kutofautisha miti kwa mizizi: mkoko unasimama kwa miguu iliyopinda, mchu unachomoza vipumulio vyembamba kutoka kwenye tope. Kisha akachuma jani la mchu akamwambia mwanangu alilambe. Chumvi tupu! Mti huo huitoa kupitia majani. Mtoto akataka kulamba kila jani lililopita karibu.

Sasa malalamiko. Maji ya bombani ni ya kisima na yana chumvi, kwa hiyo bebeni ya kunywa. Chandarua cha chumba cha nyuma kimetoboka, na mbu wa huko hawana haya. Hayo nayavumilia. Nisilolivumilia ni kwamba chombo hakikuwa na maboya ya kuvaa watoto. Mwenye nyumba alijibu kwa simu kuwa hori halina kina. Labda maji yakipwa. Bamvu likianza kutoka, mkondo unaoelekea mlangoni mwa hori una nguvu ya kumshinda mtu mzima. Tuliazima maboya kwa jirani ndipo tukaondoka.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaiongeza wakinunua maboya.