Uzoefu wangu katika vituo viwili vya mtihani wa LSAT

Nimeufanya mtihani wa LSAT, ambao hutumiwa na shule nyingi za sheria za Marekani na Kanada kuwachuja waombaji, mara mbili na katika vituo viwili visivyofanana hata kidogo. Mara zote mbili nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mingi, lakini mara ya kwanza nilichagua kituo kwa kigezo kimoja tu, yaani ukaribu na nyumbani, na hilo lilinigharimu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2017, wakati mtihani bado ulifanywa kwa karatasi na penseli. Tulikalishwa katika ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyofungiwa vibao vya kukunja, na kibao changu hakikutosha kuweka kijitabu cha maswali kikiwa wazi pamoja na karatasi ya majibu. Asiyewahi kuufanya mtihani huu anaweza kuliona jambo hili dogo. Kila sehemu ilikuwa ya dakika 35 na maswali yapatayo 25, maana yake kila swali lilikuwa na sekunde 84 tu. Kama kuifukua karatasi ya majibu chini ya kijitabu na kuirudisha kunakula sekunde tano kwa kila swali, kufikia mwisho wa sehemu umepoteza zaidi ya dakika mbili ambazo zingetosha kujibu swali zima. Katika maswali ya mantiki ya kupanga watu na vitu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hatukuruhusiwa karatasi ya ziada na michoro yote ilibidi ichorwe ndani ya kijitabu chenyewe, ambacho kwangu kilikuwa kikiteleza kila nilipokandamiza penseli.

Wasimamizi nao hawakuwa makini. Ukumbi haukuwa na saa ya ukutani, na tangazo la dakika tano za mwisho lilichelewa katika sehemu moja, hivyo wale ambao hatukuwa na saa za mishale mkononi tulikuwa tukikisia tu. Watahiniwa walikuwa wengi mno, uhakiki wa vitambulisho ukachukua muda mrefu, na tulipoanza nilikuwa tayari nimechoka. Baridi ya kiyoyozi niliivumilia, kwa kuwa nilikuwa na sweta.

Niliporudi mwaka 2024, baada ya maswali yale ya kupanga kuondolewa, niliamua kufanyia katika kituo cha mitihani ya kompyuta kilicho mbali zaidi, ingawa ningeweza kufanyia nyumbani. Sijutii hata kidogo. Meza ilikuwa pana, yenye kizuizi kila upande, na muda uliobaki ulionekana kwenye skrini, hivyo sikumtegemea mtu yeyote kunihesabia dakika. Msimamizi alieleza utaratibu kwa utulivu, akanionyesha choo kabla sijaketi, na hilo lilinisaidia sana katika mapumziko ya dakika kumi yanayofuata sehemu ya pili, kwani dakika hizo huisha haraka ukianza kutafuta mlango. Dosari niliyoiona ni kwamba katika chumba hichohicho walikuwamo watu waliokuwa wakifanya mitihani mingine, wakiingia na kutoka kwa nyakati zao, na mmoja aligonga vitufe vya kompyuta kwa nguvu katika sehemu yangu ya ufahamu. Vifaa vya kuziba masikio nilivyopewa vilipunguza kelele hizo, havikuziondoa.

Wiki moja kabla ya mtihani huo nilikwenda kukiona kituo. Sikuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani, na wana haki ya kukataa, lakini nilijua mahali pa kuegesha gari, nikaona makabati ya kuhifadhia simu, na nikapata fursa ya kuuliza swali ambalo mwaka 2017 sikufikiria kabisa kuliuliza: meza zenu zina upana gani?